Kikohozi cha mama, mzizi mtamu wa mulethi na presha iliyokataa kushuka

“Daktari, habari ya kazi. Naishi na mama yangu hapa Umoja, Nairobi. Ana miaka 61. Desemba kliniki ilimwanzishia dawa za presha: enalaprili, na kidonge kingine kidogo cha kutoa maji. Presha ikatulia, na Machi ilikuwa 138 kwa 84. Lakini tangu Februari ana kikohozi kikavu kisichoisha, zaidi usiku. Jirani yetu akamletea unga wa mulethi kutoka Ngara, akasema ndio uliomponya yeye koo. Kuanzia katikati ya Aprili mama anakoroga kijiko kilichojaa asubuhi na kingine jioni, na anakunywa wote. Koo linapata nafuu, ila kikohozi kipo palepale. Juzi presha ilifika 166 kwa 98. Miguu imevimba na misuli ya mapaja inamkaza usiku. Kliniki wanataka kumwongezea dawa. Habari ya mulethi hawaijui, kwa sababu mama hakutaka kuwaambia. Huu mzizi ni nini hasa? Ni dawa kweli? Unaweza kupandisha presha? Na tunaweza kuupanda kwenye gunia hapa nyumbani?”

Dada yangu, mimi ni mtu wa kaunta ya dawa, si daktari wa kliniki. Habari za mmea nitakupa zote, lakini kwanza tushughulikie mambo ya leo. Mulethi mama aache leo hii. Vidonge vya presha asiache, hata kimoja, mpaka aliyemwandikia aseme. Na msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpeleke kliniki kesho au kesho kutwa, mweleze daktari habari ya mulethi bila kuficha, na uombe vitu viwili: kipimo cha damu cha figo na chumvi zake, kile ambacho maabara zetu hukiita UEC, na kipimo cha umeme wa moyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya presha yenyewe ni ile misuli kukaza, na nitakueleza kwa nini.

Kama kabla ya kufika kliniki ataumwa na kifua, atakosa pumzi akilala chali, moyo utaanza kumpiga bila mpangilio, miguu itakosa nguvu kabisa, mdomo utapinda au maneno yatamkwama, au mashine itaonyesha 180 kwa 120 na kuendelea, hiyo si habari ya kliniki tena. Ni hospitali yenye idara ya dharura, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye mzizi. Mulethi ni jina la Kihindi. Wagujarati, ambao ndio wenye maduka mengi ya viungo hapa Nairobi, huuita jethimadh. Waarabu huuita irk sus, na kwenye pakiti za dukani utakuta umeandikwa likorisi. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Glycyrrhiza glabra, na nusu yake ya kwanza imetokana na maneno mawili ya Kigiriki: tamu, na mzizi. Ni mmea wa jamii moja na kunde na maharagwe. Huota kimo cha mita moja hivi au zaidi kidogo, maua yake ni ya zambarau hafifu, na maganda yake ni madogo. Juu ya ardhi hauna la kushangaza. Hazina yake iko chini, ambako mzizi mkuu huzama zaidi ya mita moja na kusambaza vijishina vinavyotambaa kila upande. Vikikauka huwa na gome la kahawia, na ndani ni rangi ya manjano yenye nyuzinyuzi. Ukitafuna kipande, utamu hauji mara moja. Hupanda polepole, kisha hung'ang'ania ulimi muda mrefu baada ya kutema.

Kwao si hapa. Asili yake ni kusini mwa Ulaya, Asia ya Magharibi na Asia ya Kati. Uchina wana ndugu yake, Glycyrrhiza uralensis, ambaye wao humwita gancao, yaani majani matamu. Kwa hiyo mulethi unaouona kwenye magunia ya Ngara, Parklands au Biashara Street umesafiri kutoka mbali, na ujuzi wake umesafiri pamoja nao, ingawa kwa maoni yangu ujuzi huo ulifika nusu tu.

Jirani yenu hakosei kusema ni dawa ya miaka mingi. Theophrastus, Mgiriki aliyeandika habari za mimea zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuita mzizi wa Scythia, akasema unafaa kwa pumu na kikohozi kikavu. Akaongeza kuwa watu wa Scythia, wafugaji wa farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, waliweza kukaa siku 11 au 12 bila kunywa maji wakiwa na mzizi huo na jibini ya maziwa ya farasi. Kila nikiisoma habari hiyo huwa natua. Mzizi unaomfanya mtu asione kiu siku 11! Huenda aliyemsimulia alitia chumvi, lakini neno chumvi lenyewe lina maana hapa, kwa sababu leo tunajua kwamba mzizi huu huufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Jambo lililompandishia mama yako presha limedokezwa tayari kwenye maandishi hayo ya kale, ila wakati huo lilihesabiwa kuwa faida.

Misri nako, jioni za Ramadhani, wauzaji wa irk sus hupita mitaani na chombo kikubwa kimefungwa kifuani, wakigonganisha visahani vya shaba ili watu wawasikie. Ni kinywaji cheusi, baridi, kitamu na chenye uchungu kidogo, cha kufuturia baada ya kiu ya mchana kutwa. India waganga wa Ayurveda huuita yashtimadhu, kijiti chenye utamu wa asali, na huutumia kwa koo, kwa sauti iliyokauka na kwa tumbo linalochoma. Waimbaji huweka kipande shavuni kabla ya kuimba. Uchina ndiko umepewa heshima kubwa kuliko kote, kwani gancao huingia kwenye michanganyiko mingi mno ya dawa zao za jadi. Lakini angalia unavyoingia: mara nyingi ni gramu chache tu, na kazi yake ni kupatanisha dawa nyingine ndani ya sufuria, kupunguza ukali wa hii na kulainisha ile. Huwa msaidizi, na mganga ndiye anayepima. Akina bibi wa Kigujarati niliowahi kuwauliza walinieleza vivyo hivyo: kijiti kimoja chembamba, siku mbili tatu koo linapowasha, basi. Vijiko viwili vilivyojaa kila siku kwa majuma manane si jadi ya watu wowote ninaowajua. Nasema hivi kwa sababu wengi wakinisikia nikionya juu ya mulethi hudhani nawadharau wazee, hali ni kinyume. Wazee wenyewe walikuwa na kipimo. Sisi tulinunua unga dukani, na kipimo hakikuwa ndani ya mfuko.

Je, ni dawa kweli? Ndiyo, na ni dawa yenye nguvu. Kwa koo faida yake inahisika upesi, kwa kuwa hufunika utando wa koo na kuutuliza. Huko Vienna madaktari waliwasukutulisha wagonjwa maji ya likorisi muda mfupi kabla ya nusukaputi. Waliosukutua waliamka na maumivu madogo ya koo kuliko wenzao waliopewa maji ya sukari, ingawa wote waliingizwa mpira mnene wa kupumulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Zingatia kwamba wale walisukutua wakatema. Hawakumeza kijiko asubuhi na jioni.

Tumboni pia ina historia ndefu, na hapa ndipo madhara yake yalipogunduliwa kitaalamu. Miaka ya 1940 daktari Mholanzi aitwaye Revers alianza kuwapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo rojo la likorisi, baada ya kuona wagonjwa wa mfamasia mmoja wakipata nafuu kwa dawa hiyo. Vidonda vilipona vizuri. Lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alivimba uso na miguu, na Revers hakulifumbia macho jambo hilo, aliliandika mwaka 1946. Baadaye Uingereza walitengeneza kidonge cha vidonda, kabenoksoloni, kutokana na kemikali ya mzizi huohuo. Kiliponya, na kilivimbisha pia, hadi dawa mpya zilipokuja miaka ya 1970 na kukiondoa polepole. Nawapenda sana watu kama Revers. Daktari aliyeona dawa yake inafanya kazi, na bado akaandika ubaya wake kwa mkono wake mwenyewe, ametuachia kitu cha thamani.

Sasa swali lako kuu, kama unaweza kupandisha presha. Unaweza, na njia yake inajulikana hatua kwa hatua.

Utamu wa mulethi unatokana na kitu kiitwacho glisirizini, kitamu mara 30 hadi 50 kuliko sukari. Ukikimeza, bakteria wa utumbo hukivunja kikawa asidi ya glisiretini, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu. Tuiache hapo kwanza tuangalie figo. Kila saa figo huamua chumvi gani ibaki mwilini na gani iende na mkojo. Amri ya kubakiza huletwa na homoni ya aldosteroni. Ikifika kwenye seli za figo hufungua kama mlango fulani, sodiamu ikabaki, maji yakaifuata sodiamu, na potasiamu ikatupwa nje. Lakini ipo homoni nyingine, kotisoli, ambayo nayo ina uwezo wa kuufungua mlango huohuo, na ndani ya damu imejaa kuliko aldosteroni kwa mamia ya mara. Ingekuwa inaruhusiwa kuingia ovyo, sote tungekuwa tumevimba. Haiingii kwa sababu mlangoni pana askari: kimeng'enya kinachoikamata kotisoli na kuigeuza kotisoni, ambayo haina ufunguo.

Asidi ya mulethi humlaza askari huyo. Kotisoli humiminika ndani, mlango unabaki wazi mchana na usiku, na figo zinadhani aldosteroni imezidi ilhali ukiipima utaikuta iko chini. Maji na sodiamu vinarundikana, presha inapanda, vifundo vinajaa. Potasiamu inavuja na mkojo. Na potasiamu ndiyo inayoiwezesha misuli kukaza na kulegea kwa zamu yake, ukiwemo msuli wa moyo. Ndiyo maana uliposema mapaja yanamkaza mama usiku, mimi niliuwaza moyo. Habari ya askari aliyelala ilifafanuliwa na watafiti wa Edinburgh mwaka 1987, takriban miaka 40 baada ya Revers kuona miguu iliyovimba.

Kwa mama yako kuna tatizo juu ya tatizo. Kile kidonge kidogo cha kutoa maji, ambacho kwenye kadi mara nyingi huandikwa HCTZ, nacho humwaga potasiamu. Mulethi na kidonge hicho vinaimwaga kwa pamoja. Enalaprili kwa upande wake huizuia kidogo isitoke. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukisia iliyobaki ni kiasi gani, mimi wala daktari wala jirani, ila kipimo cha damu. Tafadhali usijaribu kuirudisha kwa vidonge vya potasiamu vya kujinunulia, wala kwa ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha. Ikizidi huua kama inavyoua ikipungua. Ndizi moja mbili hazina neno, lakini matibabu yasubiri majibu ya maabara.

Labda utaniuliza kama kijiko kinaweza kweli kuleta yote hayo. Tupige hesabu. Kiwango cha ubora kinachotumika Ulaya kinataka mzizi mkavu uwe na glisirizini isiyopungua asilimia 4, yaani miligramu 40 katika kila gramu. Kijiko cha chai kilichojaa unga ni gramu 2 na nusu au 3. Vijiko viwili kwa siku ni gramu 5 hadi 6, ambazo ni miligramu 200 hadi 240, na mama anameza unga wenyewe, hauchuji. Kamati ya kisayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2003 kwamba mtu asizidishe miligramu 100 kwa siku. Na hata hizo 100 si salama kwa kila mmoja. Mwaka 2024 watafiti wa Linköping, Sweden, walitoa matokeo ya vijana wenye afya wa miaka 18 hadi 30 waliokula likorisi yenye miligramu 100 kila siku kwa majuma mawili. Presha yao ya juu ilipanda kwa wastani wa pointi 3 hivi. Hao ni vijana wasio na ugonjwa, kwa nusu ya kipimo cha mama, na kwa siku 14 tu. Yeye ana miaka 61, presha tayari anayo, na ametumia majuma manane.

Sikuandikii haya ili ujilaumu. Mwaka 2020 jarida moja kubwa la udaktari lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 54 huko Massachusetts aliyekuwa akila kila siku mfuko mmoja na nusu wa peremende nyeusi za likorisi. Baada ya majuma machache moyo ulisimama akiwa mkahawani, akafariki siku iliyofuata. Potasiamu yake ilikuwa imeshuka mno. Yeye alijua anakula peremende tu. Mama yako alijua anakunywa dawa ya kikohozi, na nyote mlitaka apone.

Hapo sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami naona ndilo mzizi wa maneno yote haya. Hicho kikohozi kimetoka wapi?

Rudi kwenye tarehe ulizoniandikia. Desemba alianza enalaprili. Februari kikaanza kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, kinachochachamaa usiku. Enalaprili na ndugu zake wote ambao majina yao huishia na “prili” huleta kikohozi cha namna hiyohiyo kwa watu wengi, pengine mmoja kati ya kumi, na wanawake zaidi ya wanaume. Dawa hizo huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi yake ya presha, huvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Kimeng'enya kikizuiwa, bradikinini hujikusanya kwenye mapafu na koo na kuwasha neva za kikohozi. Kikohozi hicho kinaweza kuanza siku ya kwanza au baada ya miezi. Dawa za kikohozi za kemisti hazikitibu, tangawizi haikitibu, na mulethi hulainisha koo tu kwa saa moja mbili.

Ikiwa ndivyo ilivyo, basi tazama mzunguko ulioingia nyumbani kwenu. Kidonge cha presha kimeleta kikohozi. Kikohozi kimemleta mulethi. Mulethi amepandisha presha. Presha iliyopanda inataka kuleta kidonge zaidi, na pengine kitakuwa enalaprili hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi hapa mjini, na mzunguko wa aina hii nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mara moja ulinipita mimi mwenyewe. Mzee mmoja alinunua kwangu dawa ya kikohozi mara nne, na mara zote nne nilimuuzia bila kumuuliza anatumia vidonge gani vingine. Aliyemuuliza ni binti yake, wala si mimi. Tangu siku hiyo mtu akija na kikohozi kikavu swali langu la kwanza ni la presha.

Dawa yake ni nyepesi. Daktari akikubali kuwa enalaprili ndiyo chanzo, humbadilishia dawa ya kundi jingine, mara nyingi losatani, ambayo hufanya kazi jirani na hiyo bila kukusanya bradikinini. Kikohozi huisha baada ya juma moja hadi manne, na mara chache hufika miezi mitatu, kwa hiyo asikate tamaa siku ya tano. Lakini, dada, uamuzi ni wa daktari. Mkiacha enalaprili wenyewe wakati presha iko 166, mtakuwa mmeondoa nguzo nyumba ikiwa tayari imeinama.

Daktari pia hatakubali maneno yangu bila kupima mengine, na asikubali. Mtu aliyekohoa zaidi ya majuma mawili katika nchi hii ni lazima apimwe kifua kikuu, na kipimo na matibabu ni bure katika hospitali za serikali. Kikohozi cha usiku pamoja na miguu iliyovimba kinaweza pia kuwa sauti ya moyo uliochoka, hasa kama mama anahitaji mito miwili mitatu ili apumue. Tindikali inayopanda kutoka tumboni hukohoza usiku vilevile. Na kama ameongezewa amlodipini, dawa nyingine ya presha, bila wewe kujua, nayo huvimbisha vifundo hata bila mulethi. Beba vidonge vyote, pamoja na vile vya zamani vilivyosahaulika kwenye droo.

Akishaacha mulethi, usitarajie presha irudi usiku mmoja. Mara nyingi huchukua majuma kadhaa, maana asidi ile hutoka taratibu na figo zinahitaji muda kuamsha homoni zake. Mpimeni nyumbani asubuhi na jioni, ameketi, mgongo umeegemea, amepumzika dakika tano, na muandike namba kwenye daftari. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko namba moja ya siku ya kliniki, na huenda likamwepusha mama na kidonge asichokihitaji.

Kwa koo wakati huu, maji ya uvuguvugu yenye ndimu na kijiko cha asali yanatosha, kama hana kisukari. (Asali hiyo asipewe mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, ikiwa mna mjukuu nyumbani.)

Nani basi anaweza kutumia mulethi? Mtu mzima asiye na presha, moyo wala figo, asiyetumia dawa za kutoa maji, za moyo kama digoksini, wala prednisoloni. Huyo, koo likiwasha, anaweza kutafuna kijiti chembamba au kuchemsha kikombe kimoja kwa siku, na aishie ndani ya juma moja. Mjamzito asiguse. Finland, ambako peremende za likorisi hupendwa sana, huwashauri wajawazito waziepuke, kwa kuwa yule askari niliyemtaja yuko pia kwenye kondo la nyuma, akimlinda mtoto na kotisoli ya mama yake. Kuna pia vidonge vya likorisi iliyoondolewa glisirizini, vinavyouzwa kwa ajili ya tumbo. Hivyo havina hatari hiyo ya presha, lakini soma maandishi vizuri, maana pakiti zinafanana.

Hapa Nairobi kuna mimea miwili inayochanganywa na mulethi. Mmoja ni mukombero, ule mzizi ambao vijana huuzunguka nao mjini wakiwa wameufunga vifungu, mwingi ukitoka upande wa Kakamega. Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei, una harufu kama ya vanila, na utamu wake wa mbali humkumbusha mtu likorisi. Si ndugu yake hata kidogo. Mwingine ni mtipitipi, Abrus precatorius, mtambaazi wa vichakani wenye majani matamu na mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile zinazotungwa shanga. Kwa sababu ya utamu huo watu wa mataifa mengine wameuita likorisi ya India, na jina hilo limeleta balaa, kwa kuwa mbegu zake zina sumu ya abrini. Moja tu iliyotafunwa vizuri inaweza kumuua mtu. Mtu akikwambia ana mulethi ya kienyeji kutoka shambani kwao, usinunue. Ukitaka kujua mmea ni upi, peleka tawi lenye maua au matunda kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Kuna wataalamu wa kutambua mimea.

Kuupanda kwenye gunia? Kwa uzuri wake, jaribu. Kwa kuvuna, hapana. Mulethi hutaka udongo wa kichanga, wenye kina, usiotuamisha maji, na jua la kutwa. Udongo mweusi wa upande wenu, Umoja hadi Embakasi, ni kinyume cha hayo yote. Na mizizi huvunwa mwaka wa tatu au wa nne, ikiwa imeshuka chini kuliko gunia lolote. Mama akipenda kushughulika na kitu cha kijani, mpandie mchaichai na mnanaa. Atavuna baada ya miezi michache na atakunywa bila kuhesabu vijiko.

Limebaki la kumwambia mama, na naliona ndilo gumu kwako. Hakuwaambia kliniki kwa sababu aliogopa kugombezwa, na mara nyingi ni kweli, wazazi wetu hugombezwa mbele ya foleni kwa kutumia mitishamba. Usimwambie amekosea. Mwambie mulethi ni dawa ya kweli, yenye nguvu kuliko mlivyodhani, na dawa mbili zenye nguvu hazikai pamoja bila daktari kuzijua zote. Ingia naye chumbani. Beba pakiti ya unga jinsi ilivyo pamoja na kile kijiko anachopimia. Akisita, useme wewe.

Na yule jirani aliyewaletea, msimfungie mlango. Alileta kwa moyo mwema, naye huenda bado anakoroga kikombe chake kila jioni. Mkirudi kutoka kliniki, piteni kwake na mashine ya presha, mmwombe naye akae dakika tano, apimwe.